Kanula ina mwenye kuiweka, haina mwenye kuitoa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwaandikie wauguzi wenzangu, madaktari, wakuu wa hospitali na ndugu wa wagonjwa kuhusu kifaa kidogo cha plastiki ambacho karibu kila aliyewahi kulazwa anakijua: kanula, yaani ule mrija mwembamba unaoingizwa kwenye mshipa wa mkono ili dripu na dawa za sindano zipite. Mimi ni muuguzi mstaafu. Nilifanya kazi miaka 31 katika wodi za hospitali za serikali na za mashirika ya dini, nikaweka kanula nyingi kuliko ninavyoweza kuzihesabu, na nakiri kwamba kwa sehemu kubwa ya miaka hiyo niliamini kazi yangu imekwisha pale damu inapoonekana kwenye mrija, plasta ikabandikwa na dripu ikaanza kudondoka.

Lililonifanya nishike kalamu ni ugonjwa wa mdogo wangu. Alilazwa usiku wa Jumatatu akiwa na malaria kali. Hospitali sitaitaja, kwa sababu niliyoyaona humo nimeyaona pia mahali pengine, na mengine nimeyatenda mimi mwenyewe. Alichomwa sindano za atesuneti kama mwongozo unavyoelekeza, ya kwanza alipofika, ya pili baada ya saa 12 na ya tatu baada ya saa 24, na Jumatano asubuhi alikuwa ameketi kitandani akinywa uji. Akaanzishiwa dawa mseto ya kumeza. Kuanzia hapo hapakuwa na dawa hata moja iliyopaswa kupita mshipani mwake, lakini kanula ilibaki mkononi Jumatano, Alhamisi na Ijumaa, akisubiri wingi wa damu upimwe tena ndipo aruhusiwe. Wifi yangu aliuliza kama inaweza kutolewa, akajibiwa kwa upole kabisa: “Mama, hiyo tutaitoa siku ya kuruhusiwa, huenda ikahitajika.” Mimi nilimtembelea Alhamisi, nikakaa kando ya kitanda chake muda wa saa nzima tukizungumza habari za shamba, na mkono wake sikuutazama.

Ijumaa jioni alisema mkono unawaka moto. Usiku homa ikapanda. Homa ya mtu aliyelazwa kwa malaria hudhaniwa kwanza kuwa ni malaria iliyorudi, na kwa hiyo Jumamosi alichomwa tena atesuneti, kupitia kanula ileile. Jumapili asubuhi plasta ilipobanduliwa palikuwa na usaha kwenye tundu na mstari mwekundu unaopanda kuelekea kwenye kiwiko. Alipelekwa hospitali kubwa zaidi, damu yake ikaoteshwa maabara, na kilichoota ni stafilokokasi, bakteria anayeishi kwenye ngozi na puani mwa watu wengi wenye afya bila kuwadhuru, hadi atakapopata njia ya kuingia ndani. Goti lake la kulia lilijaa usaha, likafunguliwa katika chumba cha upasuaji. Mtu aliyeingia wodini kwa ugonjwa wa siku 4 alikaa wiki 5, na leo anatembea akichechemea.

Sikulileta jambo hili ili nimshtaki muuguzi yeyote. Nimelirudia kichwani mara nyingi, nikatafuta ni nani aliyekosea, na kila mara nafika palepale: aliyeweka kanula usiku ule aliiweka vizuri, aliyepokea zamu asubuhi alitoa dawa kwa wakati, daktari alibadilisha tiba kwa usahihi, na hakuna hata mmoja kati yao aliyekuwa na jukumu lililoandikwa la kuitoa. Kanula katika wodi zetu ina mwenye kuiweka, haina mwenye kuitoa. Hilo ndilo ninalotaka tulirekebishe, nalo ni jambo dogo kwa gharama.

Nilipoanza kazi tulikuwa bado tunatumia sana sindano za chuma, zile tulizoziita kipepeo. Sindano ya chuma haikai. Mgonjwa akikunja mkono inatoboa mshipa, maji yanavimbisha nyama, naye analalamika. Kwa hiyo tuliichomoa mara tu dawa ilipokwisha, tupende tusipende. Mrija wa plastiki unaoingizwa juu ya sindano, kisha sindano ikatolewa na plastiki ikabaki, ulibuniwa mwaka 1950 na David Massa, daktari wa usingizi aliyekuwa bado mafunzoni huko Rochester, Minnesota, nchini Marekani. Ni neema kubwa, hasa kwa watoto. Lakini kwa kuwa haimsumbui mgonjwa, haimkumbushi muuguzi, na hapo ndipo hatari yake ilipojificha.

Msomaji asinielewe vibaya, dripu naiheshimu sana. Mwaka 1832 Thomas Latta, daktari wa Leith huko Uskoti, aliingiza maji ya chumvi katika mishipa ya wagonjwa wa kipindupindu waliokuwa wamekauka, na baadhi yao wakarudi uhai mbele ya macho yake. Nami nimeyaona hayohayo katika kambi ya kipindupindu mwaka 2015, mtu analetwa amelegea juu ya baiskeli, macho yamezama, mapigo ya moyo hayashikiki, na baada ya lita chache anaomba maji ya kunywa kwa sauti yake mwenyewe. Kanula ya namna hiyo ni mlango wa uzima. Ninayoilalamikia ni ile iliyobaki mshipani baada ya kazi yake kwisha.

Mwezi Mei mwaka 2024 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wake wa kwanza wa kimataifa kuhusu kuzuia maambukizi ya damu yatokanayo na kanula za mishipa midogo. Shirika hilo lilisema kuwa hadi wagonjwa 70 kati ya 100 wanaolazwa huwekewa kifaa cha namna hii wakati fulani wakiwa hospitalini. Miaka miwili kabla yake, katika taarifa ya mwaka 2022, lilikuwa limeeleza kwamba katika nchi tajiri wagonjwa 7 kati ya 100 walio katika hospitali za tiba ya dharura na ya muda mfupi hupata angalau ambukizo moja humohumo wodini, na kwamba katika nchi za kipato cha chini na cha kati idadi hiyo ni 15. Kwa wastani mmoja kati ya kila 10 walioambukizwa hufariki. Sisi tumo katika hao 15.

Karibu nasi zaidi upo utafiti wa Kilifi, pwani ya Kenya, uliochapishwa mwaka 2011 na uliofuatilia watoto waliolazwa katika hospitali ya wilaya ya hapo kati ya mwaka 2002 na 2009. Watoto waliopata bakteria kwenye damu wakiwa tayari wamelazwa hawakuwa wengi, takriban 6 katika kila 1,000. Lakini kati ya hao, 53 katika kila 100 walifariki, ilhali waliokuja na bakteria kwenye damu kutoka nyumbani walifariki 24 katika kila 100, na wasiokuwa na bakteria kabisa 6 katika kila 100. Sisemi kwamba wote waliambukizwa kupitia kanula, kwa kuwa wengi walikuwa na utapiamlo mkali na magonjwa mengine mazito. Ninachosema ni kwamba njia za kuifikia damu ya mtoto aliyelala kitandani ni chache, na kanula ni mojawapo iliyo wazi mchana na usiku.

Bakteria huingia kwa njia ambazo kila muuguzi amefundishwa: kutoka kwenye ngozi, wakiteremka kando ya mrija kupitia tundu, kutoka mikononi mwetu, kupitia mdomo wa kanula tunapounganisha bomba la sindano au mpira wa dripu, na mara chache zaidi kutoka kwenye maji yenyewe yaliyochafuliwa, au kwa damu kuwaleta kutoka kwenye ambukizo lililo mahali pengine mwilini. Wakifika kwenye plastiki hujenga utando mwembamba unaowakinga dhidi ya dawa, na ndiyo maana kuendelea kumchoma mgonjwa antibayotiki kupitia kanula iliyokwisha kuambukizwa ni kazi ya bure. Kwanza inatolewa, ndipo dawa zianze kupitia mkono mwingine.

Haya yamo vitabuni. Yasiyomo vitabuni ni mazoea yetu, na hayo naomba niyataje kwa majina, kwa sababu tunayajua sote na hatuyasemi.

Tunazo pamba zilizolowekwa spiriti tangu asubuhi ndani ya kibakuli kimoja, kila muuguzi anachovya vidole na kutoa yake. Kufikia saa nane mchana kibakuli kile kimekwisha kupokea vidole vya wodi nzima, na spiriti imepungua nguvu kwa kuyeyuka hewani. Mwongozo umekataza jambo hili miaka mingi: pamba ichukuliwe kavu na safi, ilowekwe pale inapotumika. Tunazo plasta tunazozikata vipandevipande kabla ya kuanza na kuzibandika kwenye chuma cha kitanda, au kwenye ukingo wa toroli, hata kwenye gauni la kazi, kisha kipande kilekile tunakiweka juu kabisa ya tundu la mshipa. Tunafunga mkono kwa glavu iliyotumika kufunga mkono wa mgonjwa wa kitanda cha jirani. Tunapangusa ngozi kwa spiriti, halafu, kabla hata haijakauka, tunaupapasa tena mshipa kwa kidole ili tuwe na uhakika uko wapi, na kwa kidole hicho tumefuta kazi yote tuliyoifanya. Spiriti huua inapopewa muda wa kukauka yenyewe. Nusu dakika ya subira ni sehemu ya dawa. Kwa hospitali zenye klorheksidini, dawa ya kuua vijidudu vya ngozi, ya asilimia 2 iliyochanganywa na spiriti, hiyo ni bora zaidi kwa watu wazima, kwa sababu huendelea kufanya kazi juu ya ngozi baada ya spiriti kuyeyuka.

Lipo pia zoea ambalo kwangu ni baya kuliko yote. Chupa moja ya maji ya chumvi hutundikwa asubuhi, ikachomwa sindano kwenye mpira wake, na sindano hiyo ikaachwa hapohapo, ili kila anayetaka kusafisha kanula ya mgonjwa wake aje avute humo. Wodi nzima inakunywa kisima kimoja. Mtu mmoja akichomeka bomba lililokwisha kugusa damu, au mkono mchafu ukigusa mdomo wa sindano ile, wagonjwa 20 wamefikiwa kwa siku moja. Najua kwa nini tunafanya hivyo: chupa ndogo za kutumika mara moja hazipo stoo, au zipo na zimehesabiwa. Lakini jambo hili halina namna ya kulitetea, na mwuguzi mkuu anayelikuta wodini analo jukumu la kulisimamisha saa hiyohiyo, hata kama ni kwa kuomba chupa kutoka wodi ya pili.

Kuhusu mahali pa kuweka, nitasema kwa kifupi. Kigasha, yaani sehemu ya mkono iliyo kati ya kiwiko na kifundo, ndipo kanula inapokaa vizuri zaidi kwa mtu mzima. Kwenye kikunjo cha kiwiko inacheza kila anapokunja mkono, na inapocheza inakwaruza mshipa na kuvuta uchafu ndani. Miguu iachwe, ila pale pasipo na njia nyingine. Kanula ndogo inayotosha kwa kazi ni bora kuliko kubwa: ya kijani, iliyo nene, ni ya mama anayetoka damu baada ya kujifungua, wala haina sababu ya kuwa mkononi mwa bibi anayechomwa dawa mara mbili kwa siku, ambaye ya bluu, iliyo nyembamba, inamtosha. Muuguzi aliyechoma mara mbili akakosa amwite mwenzake. Haioni mtu aibu hiyo isipokuwa mwenye kiburi, na kila tundu la ziada ni mlango wa ziada.

Halafu iko mikono. Naandika sentensi hii nikijua hasira atakayoipata muuguzi mwenye wagonjwa 40 na bomba moja la maji lililo mwisho wa korido, ambalo hutoa maji siku tatu kwa wiki. Nilikuwa muuguzi huyo. Kunawa kwa sabuni huchukua sekunde 40 hadi 60, na kutembea kwenda na kurudi huchukua zaidi. Kitakasa mikono huchukua sekunde 20 hadi 30, na kinaweza kukaa kwenye toroli au mfukoni. Shirika la Afya Duniani lilitoa njia ya kukitengeneza ambayo mfamasia wa hospitali anaweza kuifuata mwenyewe kwa ethanoli, gliserini, haidrojeni peroksaidi na maji yaliyochemshwa yakapoa. Wakati wa Korona tuliona vitakasa mikono kwenye mlango wa kila duka na kila daladala. Sielewi kwa nini leo havipo kwenye toroli ya dripu, mahali ambapo vilihitajika kabla ya Korona na vinahitajika baada yake. Glavu si badala yake. Glavu iliyogusa kitanda, faili na pazia imekuwa mkono mchafu wa rangi nyingine.

Sasa nirudi kwenye kutoa, maana ndiko nilikoanzia.

Katika jimbo la Michigan nchini Marekani, daktari Peter Pronovost na wenzake walifanya kazi iliyochapishwa mwishoni mwa mwaka 2006, ikihusu vyumba 103 vya wagonjwa mahututi. Wao walishughulika na katheta kubwa, zile zinazoingizwa kwenye mishipa mikuu karibu na moyo, ambazo hatari yake ni kubwa kuliko ya kanula ya mkono. Waliwataka watu wafanye mambo matano: kunawa mikono, kumfunika mgonjwa kikamilifu na mwekaji kuvaa mavazi safi kabisa ya upasuaji, kusafisha ngozi kwa klorheksidini, kuepuka mshipa wa kwenye kinena, na kuondoa katheta isiyohitajika. Hapakuwa na mashine mpya wala dawa mpya. Wastani wa maambukizi 7.7 kwa kila siku 1,000 za katheta, yaani siku ambazo katheta ilikuwa mwilini mwa mgonjwa, ulishuka hadi 1.4 ndani ya mwaka mmoja na nusu. Mawili katika kazi ile yamenikaa moyoni. La kwanza, jambo la tano, kuuliza kila siku kama katheta bado ina kazi, lilihesabiwa sawa na kunawa mikono. La pili, pale pasipokuwa na dharura, aliyeruka hatua alisimamishwa, awe daktari bingwa au nani, na muuguzi aliyemsimamisha alikuwa na uongozi nyuma yake. Ni wodi ngapi kwetu ambamo muuguzi wa mwaka wa kwanza kazini anaweza kumwambia daktari, “Samahani daktari, hujanawa,” na kesho yake akawa bado yuko katika wodi hiyohiyo?

Wapo watakaouliza kanula ya mkono ikae siku ngapi, na hapa wataalamu hawajawa na kauli moja. Sheria tuliyofundishwa ni kubadilisha kila baada ya saa 72 hadi 96 kwa watu wazima. Mwaka 2012 ulichapishwa utafiti wa Australia uliohusisha wagonjwa 3,283, ambao nusu walibadilishiwa kanula kila siku ya tatu na nusu walibadilishiwa pale tu palipoonekana sababu. Waliovimba mshipa walikuwa 7 katika kila 100 kwa pande zote mbili, na hospitali nyingi duniani zikaiacha kalenda. Lakini mwaka 2021 ukachapishwa utafiti wa Geneva, huko Uswisi, ambako hospitali ilipoacha ratiba ya kubadilisha, maambukizi ya damu yaliongezeka, na iliporudi kwenye ratiba yakapungua tena. Kwa maoni yangu tafiti hizi mbili hazigombani sana kama zinavyoonekana. Kumwachia mgonjwa kanula hadi ionyeshe dalili ni busara pale ambapo kuna mtu anayeitazama kila zamu, bila kukosa. Katika wodi ya wagonjwa 40 na wauguzi wawili, macho ya kuitazama kila zamu hayapo, na kwa hiyo mimi ningependelea tubaki na siku ya nne kama ukomo, siyo kwa sababu bakteria wanasoma kalenda, bali kwa sababu tarehe inamlazimisha mtu kusimama na kuuliza. Na ile iliyowekwa kwa haraka usiku wa dharura, mgonjwa akiwa anatapatapa na hakuna aliyepata nafasi ya kusafisha ngozi ipasavyo, ibadilishwe ndani ya saa 48 bila mjadala.

Tarehe haiwezi kumlazimisha mtu kama haikuandikwa. Ninaomba kila kanula iandikwe juu ya plasta yake, kwa kalamu ya wino usiofutika, siku na saa iliyowekwa. Ninaomba wakati wa kukabidhiana zamu, pamoja na kutaja dawa na joto la mwili, muuguzi ataje kanula ya kila mgonjwa: iko wapi, ya tangu lini, inatumika kwa nini. Na ninaomba daktari anapoandika kwenye faili kwamba mgonjwa ahamie dawa za kumeza, mstari uleule uendelee na maneno matatu: “kanula itolewe leo.” Hofu ya kwamba “huenda ikahitajika” naifahamu, kwa kuwa hakuna anayetaka kutafuta mshipa saa nane za usiku. Ila kwa mgonjwa anayekula, anayetembea na anayemeza dawa, hofu hiyo inamgharimu yeye ili kutupunguzia sisi usumbufu.

Ndugu wa wagonjwa nao nawaomba wasikie. Mkitembelea mgonjwa, tazameni mkono wake. Ukiona wekundu, uvimbe, joto, au mstari unaopanda juu, akisema panauma hata dripu ikiwa imefungwa, plasta ikiwa imelowa au imebanduka, au homa ikirudi baada ya kuwa imeshuka, mwite muuguzi wakati huohuo na umwonyeshe kwa kidole, usingoje raundi ya kesho. Si utovu wa adabu kuuliza, “Nesi, hii bado ina kazi?” Wifi yangu aliuliza swali sahihi siku ya Jumatano, laiti mmoja wetu angelipokea. Kwa upande wenu, msiguse gurudumu la dripu ili iende haraka, msifungue kizibo, na mnapomwogesha mgonjwa uvikeni mkono ule mfuko safi wa plastiki usilowe.

Na tuache kuiomba dripu kama heshima. Wapo watu wanaoona mgonjwa hakutibiwa mpaka chupa itundikwe, na wapo wanaomwita jirani aliye muuguzi aje “kumtundikia maji” mzee nyumbani ili apate nguvu. Chupa ya nusu lita ya glukosi ya asilimia 5 ina gramu 25 za sukari, ambazo ni kama vijiko vidogo sita. Mzee anayeweza kunywa uji wenye sukari amezipata bila tundu mkononi, na mtoto anayeharisha ambaye bado anakunywa anahitaji ORS kwa kikombe na kijiko. Kila kanula isiyowekwa ni moja ambayo hakuna atakayeisahau.

Kwa wizara na waganga wakuu wa mikoa sina ombi kubwa. Mwongozo wa taifa wa kukinga na kudhibiti maambukizi upo. Ulitolewa upya mwaka 2018 na unatosha kwa mengi niliyoyaandika. Kinachokosekana ni hesabu. Hospitali nyingi za wilaya hazina maabara ya kuotesha damu, na kwa hiyo homa inayoanza siku ya tano wodini inaandikwa malaria, au taifodi, au haiandikwi, na hakuna anayejua ni ngapi kati ya hizo zilitoka kwenye kanula. Maabara hizo zijengwe. Lakini wakati tunazisubiri kipo cha kuhesabu kisichohitaji maabara. Mwuguzi mkuu wa wodi apite Jumatatu asubuhi kitanda kwa kitanda, ahesabu kanula zilizomo mikononi mwa wagonjwa, kisha ahesabu ni ngapi kati yake zina dripu au dawa ya mshipa iliyoandikwa kwa siku hiyo, na aziandike namba hizo mbili ubaoni, pale mezani pa wauguzi, kila mtu azione. Jumatatu inayofuata afanye tena.

Nilimwomba mwuguzi mkuu mmoja niliyemfundisha zamani aniruhusu tufanye hesabu hiyo katika wodi yake. Asubuhi ile tulikuta kanula 23. Zilizokuwa na kazi ni 14. Tisa tukazitoa palepale, mojawapo kutoka mkono wa mama aliyesema alidhani haruhusiwi kuuliza. Wodi yoyote itakayotaka kuanza, mimi niko tayari kuja kuhesabu pamoja nao, nauli nitajilipia.

Muuguzi mstaafu,
Tanga